Tairi kuliwa upande: alaimenti ni nini hasa, na kwa nini nyingine hazikai

"Nilifanya alaimenti mwezi uliopita, mbona tairi bado linaliwa?"

Kaa nusu saa kwa muuza matairi yeyote, iwe Ilala, Mwanza au Nakuru, utalisikia swali hilo. Majibu huwa matatu: mashine ilikuwa mbovu, barabara ni mbovu, au tairi lenyewe halina ubora. Yote matatu yanaweza kuwa kweli. Lakini mara nyingi kosa lilikuwepo kabla gari halijapanda kwenye mashine, na lingeonekana kwa jeki, mikono miwili na dakika kumi.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Ringi ni chuma, tairi ni mpira, na gurudumu ni vyote viwili vikiwa vimefungwa pamoja. Alaimenti ni kupima gurudumu linaelekea wapi na limesimama vipi, kisha kulirudisha kwenye vipimo vya mtengenezaji. Haifanyi zaidi ya hapo. Haikazi boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka) iliyolegea, hainyooshi ringi, haifufui shokapu.

Na si balansi, ingawa huuzwa kaunta moja na watu hulipia zote mbili bila kujua ipi ni ipi. Balansi ni kusawazisha uzito wa gurudumu kwa kubandika vipande vidogo vya madini kwenye ringi. Usukani ukianza kutetemeka kwenye kilomita 80 hivi kwa saa, tafuta balansi. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, mtuhumiwa wa kwanza ni diski. Alaimenti mbaya kwa kawaida haitetemeshi kitu: inalivuta gari upande, inaukalisha usukani mshazari, au inakula tairi kimyakimya huku gari likienda mnyoofu kabisa.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, na tutalirudia.

Vidole, kigoda na baiskeli

Vipimo vikuu ni vitatu. Cha kwanza kinaitwa tou, jina lililotokana na kidole cha mguu kwa Kiingereza, na picha yake ni hiyohiyo. Simama, tazama miguu yako. Ukiigeuza vidole vikaangaliana, hiyo ni tou ya ndani. Vidole vikitazama nje, kila mguu na njia yake, hiyo ni tou ya nje. Kwenye gari tunalinganisha umbali kati ya magurudumu mawili upande wa mbele wa tairi na upande wa nyuma wa tairi hilohilo. Mbele pakiwa pembamba kuliko nyuma kwa milimita 2, tou ni ya ndani, milimita 2. Magari mengi madogo hutakiwa kuwa karibu na sifuri, milimita moja au mbili hivi za kukosea kila upande.

Cha pili ni kemba. Hiki unakiona ukiwa umesimama mbele ya gari: je, gurudumu limesimama wima au limeegemea? Miguu ya kigoda imetanuka chini na kukaribiana juu. Magurudumu yakikaa hivyo, kemba ni hasi. Yakibanana chini na kutanuka juu, ni chanya. Kwa tairi lenye kimo cha sentimita 60, digrii moja ya kemba ni kama sentimita moja ya kuegemea kutoka chini hadi juu, upana wa kidole tu. Gari nyingi za saluni hutoka kiwandani zikiwa kati ya sifuri na digrii moja na nusu hasi.

Cha tatu, kasta, ndicho kigumu kuona kwa macho. Tazama baiskeli kwa ubavu. Uma wa mbele haukusimama wima. Kichwa chake kimelala kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ndio unaofanya usukani wa baiskeli utake kunyooka wenyewe ukiwa mwendoni. Gari nalo lina mhimili ambao gurudumu hugeukia, na mhimili huo umelala nyuma kwa juu, mara nyingi kati ya digrii 3 na 7. Ukimaliza kona ukalegeza mikono, usukani ukarudi katikati bila kuusukuma, hiyo ni kazi ya kasta. Ikipungua, gari linakuwa jepesi mkononi lakini linatangatanga barabara kuu.

Kasta peke yake haili tairi kwa kiasi cha kusumbua. Kemba hula bega moja, yaani ukingo mmoja wa uso wa tairi. Tou hula tairi zima, na hula haraka kuliko zote.

Kwa nini milimita 3 ni nyingi

Chukua gurudumu moja lililogeuka milimita 3 kuliko inavyotakiwa, zikipimwa kwenye tairi la kimo cha milimita 600. Tatu kwa mia sita ni nusu ya asilimia moja. Maana yake, kwa kila kilomita moja ambayo gari linakwenda mbele, gurudumu hilo linataka kwenda mita 5 pembeni. Haliendi, kwa sababu limefungwa kwenye gari, kwa hiyo mpira unaburuzwa. Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Tairi hilo litafika likiwa limeburuzwa pembeni kiasi cha kilomita moja kasoro kidogo, juu ya lami yenye joto.

Sasa ule mtego. Magurudumu ya mbele yameunganishwa na rodi za stelingi. Kama moja limegeuka milimita 6 na jingine liko sawa, ukiachia mkono gari lenyewe litagawana: kila moja litachukua milimita 3, usukani utakaa mshazari, na gari litaendelea mbele. Halivuti. Kama kosa liligawanyika sawa tangu mwanzo, hata usukani utakuwa umenyooka. Dereva anasema gari liko safi kwa sababu haoni dalili yoyote, huku matairi mapya yakielekea kufa kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo kulijaribu gari kwa kuachia usukani hakupimi tou. Kunapima mambo mengine.

Yanayovuta gari ni tofauti ya kemba au ya kasta kati ya kushoto na kulia. Gari huelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na upande wenye kasta ndogo zaidi. Tofauti ya nusu digrii inatosha kuanza kuhisiwa. Ndiyo maana karatasi ya mashine isisomwe kwa kutazama kila namba peke yake: kemba ya digrii moja hasi pande zote mbili haina neno, lakini sifuri huku na moja hasi kule, hata kama zote zimeandikwa kijani, zitakuchosha mkono wa kulia hadi ufike safari.

Tairi linasema, ukiligusa

Kabla ya kulipa mashine, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi la mbele, kwa kukata upana wake, kutoka nje kuja ndani, kisha kurudi. Polepole, na usikate vidole kwenye nyuzi za waya kama tairi limekwisha kabisa. Ukihisi laini ukienda na kukwaruza ukirudi, meno ya mpira yamelala upande mmoja kama msumeno. Hiyo ni tou. Ikiwa laini ukitoka nje kuja ndani, na makali yanakupinga ukitoka ndani kwenda nje, tou ni ya ndani kupita kiasi. Kinyume chake ni tou ya nje.

Bega moja likiwa limelika laini, bila meno, shuku kemba. Mabega yote mawili yakilika katikati pakabaki, tairi limekuwa likitembea na upepo mdogo. Katikati pakilika, upepo ulizidi. Mabonde-mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi, yale yanayoleta mlio wa kunguruma ukidhani ni beringi, hutokana zaidi na shokapu iliyochoka au balansi iliyopuuzwa.

Mpangilio wa kulika ukishajichonga kwenye mpira hauondoki kwa alaimenti. Utatoka mashineni na gari lililo sawa na tairi ambalo bado linanguruma, na si kosa la fundi.

Mikono kabla ya mashine

Mashine inapima gurudumu pale lilipo wakati huo. Kama kinacholishikilia kimelegea, likisogea mita kumi linakuwa mahali pengine. Hapo ndipo alaimenti nyingi zisizokaa zinapofia.

Anza na upepo, kwa sababu ni wa bure. Gari la Japani lina kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa herufi za Kijapani lakini namba ni namba. Imeandikwa kwa kPa: gawanya kwa 6.9 upate psi ambayo kipimo cha kwa mjaza upepo kinaonyesha. 230 kPa ni psi 33. Jaza tairi likiwa la baridi. Tairi moja likiwa chini kwa psi 8 gari litavuta, na hakuna pembe itakayoliponya.

Kisha inua gurudumu la mbele kwa jeki, uweke stendi, usiingize mwili wala kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tupu. Shika tairi kwenye saa tatu na saa tisa, ulisukume na kulivuta. (Sehemu hizi ni zilezile uhesabu Kiswahili au Kizungu, fundi na mwenye gari hawana pa kubishania.) Likicheza, shuku tairodi endi au raki endi, viungo vya nje na vya ndani vya rodi ya stelingi. Shika saa sita na saa kumi na mbili, rudia. Likicheza hapo, ni beringi au boljointi. Ili kuzitofautisha, mtu mwingine akanyage breki huku ukitikisa: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni boljointi.

Kipimo bora zaidi cha tairodi hufanywa gari likiwa chini, uzito wote ukiwa kwenye magurudumu. Mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kidogo tu, kama inchi mbili, nawe uweke vidole kwenye kiungo. Mchezo ambao hukuuona gurudumu likining'inia, vidole vitauhisi kama mpigo.

Bushi, mipira ya kwenye maungio ya vyuma, ndizo zinazosahaulika. Loa am (mkono wa chini unaoshikilia gurudumu) ya gari lenye straiti, yaani shokapu na springi zikiwa kitu kimoja, ina bushi mbili, na ile ya nyuma, kubwa zaidi, ndiyo inayopokea kila shimo na kila breki. Ikichanika, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma, kasta inapungua, tou inabadilika, gari linaruka upande. Ukiachia breki, linarudi. Mashineni, likiwa limesimama kimya, bushi hiyo inaweza kutoa namba nzuri tu. Ichunguze kwa nondo fupi: ingiza kati ya am na fremu, sukuma, tazama kama mpira umeachana na chuma.

Na ukibadilisha bushi hizo, kuna kosa moja ambalo gereji nyingi hulifanya kila siku. Bushi ya aina hii imegandishwa: mpira umeshikana na bomba la ndani na la nje, hauteleziki, unajinyonga tu. Fundi akiikaza boliti gari likiwa limening'inia juu, mpira unagandia kwenye mkao huo. Gari likishuka, bushi imeshanyongwa tayari hata kabla ya kukutana na tuta la kwanza. Itachanika mapema, na lawama zitaishia kwa mwenye duka la spea. Boliti iingizwe ikiwa imelegea, gari lishushwe chini au am iinuliwe kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, ndipo ikazwe.

Spesa na springi zilizokatwa

Barabara za vumbi zimezaa desturi ya kuinua magari madogo. Vitz, IST, Passo, Noah: unatia spesa juu ya shokapu, gari linapanda sentimita mbili, tatu, halichubui tumbo. Uamuzi huo unaeleweka. Kinachokosekana ni hatua inayofuata.

Loa am na rodi ya stelingi ni mikono miwili yenye urefu tofauti, imeanzia sehemu tofauti, na kila mmoja huchora upinde wake. Mtengenezaji aliilinganisha kwenye kimo fulani. Ukiinua gari, am inalala zaidi kuelekea chini, ncha yake inavuta sehemu ya chini ya gurudumu kuja ndani, na kemba inasogea upande wa chanya. Rodi nayo inavuta au kusukuma kwa kiasi chake, kwa hiyo tou nayo inahama. Itahamia ndani au nje kutegemea raki (kifaa cha stelingi kinachosukuma rodi hizo) imekaa mbele au nyuma ya ekseli, na juu au chini kiasi gani. Usikisie, pima.

Gari lililopandishwa bila kupimwa tena litakula tairi kwa uhakika ulekule wa gari lililogonga kingo za barabara. Na springi zilizokatwa ili gari lilale chini hufanya kinyume: kemba inaingia hasi, mabega ya ndani yanalika, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka waya utokeze.

Hata bila spesa, springi za gari la miaka kumi na tano huwa zimekaa. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, wima, pande zote nne. Kushoto na kulia vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, kamalize hilo kwanza.

Kwenye mashine

Sasa gari linapanda. Mambo machache ya kutazama, bila kumkera fundi.

Vishikio vikishafungwa kwenye ringi, gari lisogezwe au magurudumu yazungushwe kabla ya kusoma. Hatua hiyo hufuta kosa linalotokana na ringi iliyopinda au kishikio kilichokaa vibaya. Ikirukwa, namba zote zinazofuata ni za ringi, si za gari. Mbele magurudumu yakae kwenye sahani zinazozunguka, pini zikiwa zimetolewa. Kasta haisomwi gari likiwa limesimama tu. Lazima usukani ugeuzwe kushoto na kulia kwa kiasi ambacho mashine inaomba. Kama hakuna aliyegeuza usukani, kasta iliyo kwenye karatasi haikupimwa.

Mpangilio wa kazi una sababu yake: nyuma kwanza, kisha mbele; na mbele, kasta na kemba zitangulie, tou imalizie. Ukigusa kemba, tou inahama. Ukianza na tou ukamalizia na kemba, umefanya kazi ya kwanza bure.

Kwa nini nyuma kwanza? Kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linasukumwa wapi. Yakielekea kulia kidogo, gari litatembea kama kaa: mwili umegeuka, njia imenyooka, na usukani utashikwa mshazari daima ili kulifuata. Unaweza kurekebisha mbele mara kumi. Vitz na IST zisizosukumwa na magurudumu ya nyuma zina bimu moja inayounganisha magurudumu ya nyuma, na bimu hiyo haina nati ya kurekebishia. Ikiwa imepinda kwa kugonga, inabadilishwa, au zinatiwa shimu (vipande vyembamba vya kujazia) kati yake na habu, kitovu cha gurudumu. RAV4 yenye nyuma inayojitegemea ni habari nyingine. Ina boliti zenye duara la pembeni ambazo hufunguliwa na kuzungushwa, endapo kutu haijazioa na bushi. Mara nyingi imezioa.

Mbele, gari la straiti la kawaida mara nyingi hurekebishwa tou peke yake. Kemba na kasta zimewekwa na umbo la vyuma. Kwa hiyo fundi akisema kemba ya gari lako hairekebishiki anaweza kuwa anasema kweli, lakini swali linalofuata ni: mbona basi imehama? Kitu kimepinda, kimelegea au kimeshuka. Ikiwa ni kidogo, zipo boliti za kemba, nyembamba kiunoni na zenye duara lisilo katikati, zinazochukua nafasi ya mojawapo ya boliti mbili zinazofunga shokapu kwenye nako, chuma kinachobeba habu, na hutoa digrii moja hivi au zaidi kidogo. Kutanua tundu kwa grainda kunaleta matokeo hayohayo siku ya kwanza, kisha gurudumu linateleza siku ya shimo kubwa. Kuchoma nako au am kwa gesi ili ipindike, hilo likatae kabisa. Chuma kilichochomwa hivyo hakina tena uimara uliopimwa kiwandani, na ndicho kinachoshikilia gurudumu lako.

Hilux na Land Cruiser zenye am mbili mbele zimepewa boliti za kurekebisha kemba na kasta kwa pamoja. Land Cruiser 70, kwa kuwa ina ekseli ya chuma kizima mbele, hurekebishwa tou kwenye rodi ndefu, na kasta yake inasogea tu kwa kubadilisha bushi au vipande vinavyoshika ekseli. Waliopandisha springi za gari hilo wakaona linatangatanga, hapo ndipo pa kutazama.

Tou yenyewe hufanywa hivi. Injini ikiwaka kama stelingi ni ya pawa ya mafuta, usukani unawekwa katikati na kufungwa kwa kishikio. Nati ya kufunga tairodi inalegezwa, na kibana cha buti la raki, mpira unaoifunika, kinafunguliwa ili buti lisinyongwe rodi inapozunguka. Buti lililonyongwa huchanika, na vumbi likiingia raki haina maisha marefu. Kisha rodi zinazungushwa zote mbili, kila upande hadi namba yake. Kwenye gari nyingi zinazovutwa na magurudumu ya mbele, raki imekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo kurefusha rodi kunaleta tou ya ndani. Nyuzi zenye hatua ya milimita 1.5 na mkono wa nako wa sentimita 13 hivi: robo mzunguko tu inabadilisha tou ya gurudumu hilo kwa karibu milimita 1.7. Anayezungusha mzunguko mzima kwa kukadiria anacheza bahati nasibu.

Ukiona rodi moja tu imeguswa, subiri usukani mshazari. Na hapa ndipo lile kosa la aibu: badala ya kurudi kwenye rodi, mtu anachomoa usukani na kuurudisha jino moja pembeni ili uonekane umenyooka. Kuna mfuko wa hewa hapo unaoweza kulipuka, na kwenye magari yenye mfumo wa kudhibiti utelezi kwenye kona kuna kihisi kinachojua usukani umegeuka kiasi gani. Raki nayo haipo tena katikati, gari linageuka zaidi upande mmoja. Magari hayo ya kihisi yanahitaji kurudishiwa sifuri kwa kompyuta baada ya kazi. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi siku ileile, usiambiwe ni betri.

Dai karatasi, ya kabla na ya baada. Hakikisha modeli na mwaka vilivyochaguliwa ni vya gari lako, si jina linalofanana. Na tahadhari na alama ndogo: vipimo vya Kijapani mara nyingi huandikwa kwa digrii na dakika. 0°30' ni dakika thelathini, yaani nusu digrii, 0.50. Akiisoma 0.30, amekukosea hata kabla ya kushika spana.

Rangi ya kijani ina maana moja tu: namba imo ndani ya uvumilivu. Kama kitabu kinasema tou ni sifuri, kwa kukosea milimita 2, basi milimita 2 za ndani na milimita 2 za nje zote ni kijani, na gari halitakuwa lilelile. Omba katikati. Anayekula lami ndefu kila wiki anaweza kuomba nusu milimita au moja ya ndani, gari litulie. Tou ya nje hufanya mbele iitikie kona haraka, raha kwa anayeshindana, adha kwa anayerudi nyumbani usiku. Na kama gari ni la kubeba watu wanne siku nzima, lipimwe likiwa na uzito unaokaribia huo pale kitabu kinaporuhusu, maana nyuma ikilala pembe zote husogea.

Uzi, kwa walio mbali na mashine

Mtu aliye Tunduru au Lodwar hana haja ya kukata tamaa. Tou hupimika kwa uzi, na timu za mashindano ya magari bado huutumia.

Sehemu iwe tambarare. Weka chini ya kila gurudumu la mbele vigae viwili vya sakafu vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke huru. Bonyeza gari juu-chini mara kadhaa likae. Vuta uzi pande zote mbili za gari, kwenye kimo cha katikati ya ringi, kutoka stendi ya mbele hadi ya nyuma. Upime kutoka katikati ya habu: umbali wa uzi hadi habu za mbele uwe sawa kushoto na kulia, na wa habu za nyuma vilevile. Mbele na nyuma haziwi lazima sawa, kwa sababu magari mengi hayana upana ule ule. Usukani katikati, umefungwa.

Sasa pima kwa rula kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa ringi, kisha ukingo wa nyuma. Mbele 102, nyuma 100? Gurudumu limegeuka ndani milimita 2 kwenye ringi. Ringi ya inchi 15 ina kimo cha sentimita 41 hivi ukingoni, kwa hiyo hizo milimita 2 ni karibu milimita 3 zikihesabiwa kwenye tairi. Kitabu kinasema kimepima wapi; soma kabla ya kulinganisha. Kila ukizungusha rodi, lisukume gari mbele na nyuma kidogo, uweke tena, upime tena. Ni kazi ya mchana mzima mara ya kwanza, ya saa moja mara ya tano.

Bado linavuta

Toka barabarani, lakini uchague barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, na barabara imeinamishwa pembeni ili maji yatiririke; gari zuri kabisa litateleza kushoto taratibu ukiachia. Burundi na Rwanda, wanakopita kulia, litateleza kulia. Tafuta kipande kitambarare, au pita upande wa pili panaporuhusiwa, ndipo uhukumu.

Likivuta kweli, badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, kama si yale yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukihamia upande mwingine, mkosaji ni tairi. Ukibaki palepale, simama baada ya mwendo wa kilomita chache bila breki nyingi, usogeze mkono karibu na ringi za mbele. Moja likiwa la moto zaidi, kalipa ya breki imekwama. Ikiwa si tairi wala breki, rudi kwenye karatasi uangalie tofauti ya kemba na kasta.

Ukishatoka gereji, pima kina cha mpira sehemu tatu, ndani, katikati na nje, kwenye matairi yote mawili ya mbele, uandike na kilomita za dashibodi. Kilomita 2,000 baadaye, pima tena sehemu zilezile.